Samadi ya Moto

Kwetu Hebroni, mlimani juu ya Freetown, wakati wa kiangazi, jogoo hana kazi. Kabla hajawika, makopo ya kumwagilia yanagongana kijitoni na wanawake wanagombana nani kampita nani kwenye foleni ya maji. Saladi haingoji mtu. Ukiichelewesha asubuhi, jua likishapanda juu ya mlima majani yanalala chini, na wateja wa Freetown hawanunui saladi iliyolala.

Onike alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tuta lake mwenyewe alilipata zamani, angali mdogo wa kubebeshwa kikopo cha maziwa badala ya kopo la kumwagilia. Shamba lilikuwa la bibi yake, Bibi Keziya, limekatwa ngazi ngazi kwenye mteremko, nyuma ya nyumba yao ya mbao. Asubuhi ile Onike alipanda kutoka kijitoni na kopo kila mkono, maji yakimrukia miguuni, akamkuta binamu yake Dayo amekwisha kumwagilia na ameketi juu ya jiwe anaimba.

"Umechelewa leo, Onike," Dayo alisema.

"Sikuchelewa. Wewe ndiye huna usingizi."

Bibi Keziya alikuwa anapalilia ngazi ya juu. Akanyoosha mgongo, akacheka. "Mwoneni huyu jamani! Mtoto wa mjini, mikono ya mlimani. Mama yake alikuwa hivyo hivyo."

Mama yake alikuwa hivyo hivyo! Onike alikuwa ameyasikia maneno hayo mpaka yamemchosha. Dayo akicheka, mama yake alikuwa hivyo hivyo. Dayo akikataa bamia, mama yake alikuwa hivyo hivyo. Onike alimwaga maji kwa nguvu, udongo ukamrukia usoni, na hapo hakuna aliyesema yeye anafanana na nani.

Dayo alikuwa mtoto wa Shangazi Omolade, dada mdogo wa baba yake Onike. Shangazi alifariki mjini mwaka uliopita. Baba yake Dayo ni baharia, na kuonekana kwake ni kama mvua ya kiangazi, kwa hiyo mtoto aliletwa mlimani kwa bibi yake. Siku alipofika, Onike alilia pamoja naye. Alimpa nusu ya kabati lake la nguo na gauni lake la kijani, na alimpa kwa moyo mmoja.

Lakini wahenga wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Dayo alipewa jembe, sawa, ila Onike aliona kwamba amepewa na shamba. Baba, aliyekuwa seremala na mtu wa maneno machache, akirudi kutoka kazini jioni aliita kwanza, "Dayo yuko wapi?" Kanisani Dayo aliimba peke yake mbele ya watu. Na kubwa kuliko yote ni kitanda. Tangu aachishwe kunyonya, Onike alilala na Bibi Keziya, kwenye kitanda cha dirishani ambako usiku unaona taa za Freetown zote chini yako. Dayo alipofika alikuwa akilia usiku, basi Bibi akamchukua alale naye. Onike alitandikiwa sebuleni, karibu na cherehani. Hakuna aliyemwuliza.

Alikuwa na wivu. Hakuwa na jina jingine la kukiita kitu kile. Kilikaa kifuani asubuhi, na jioni alikwenda nacho kulala.

Jumamosi moja walipokuwa wakila fufu ya muhogo, Bibi Keziya alitangaza kwamba mwaka mmoja wa kifo cha Omolade unakaribia kutimia, na karamu yake, awujo, lazima iandaliwe. Maharage yatapikwa, ndizi zitakaangwa, jamaa wataitwa kutoka kila upande, na marehemu atapewa chakula chake kabla ya mtu yeyote kuonja.

"Bibi," Dayo alisema, "Mama alipenda saladi kuliko maharage. Siku za sikukuu alikuwa akiipanga kwenye sinia, viazi chini, mayai juu. Naomba tuta nimpandie."

Mama yake Onike aliacha kula, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Bibi Keziya akasema, "Utachukua tuta lake mwenyewe. Lile la juu, karibu na maji."

Onike alirudisha tonge sahanini. Tuta lile la juu ndilo lililokuwa zuri kuliko yote, lenye kivuli cha mchana na udongo mweusi. Yeye aliliomba mwaka uliopita. Bibi alimjibu, "Hilo liache," na yeye akaliacha.

Dayo aliotesha miche, akaihamisha, akaifunika kwa makuti mpaka ikashika mizizi. Aliinyunyizia maji asubuhi na jioni, na kila aliyepita njiani alisimama kumsifu. Tuta la Onike lilikuwa chini yake tu, nalo lilistawi vizuri, lakini jicho la mtu huanzia juu. Miche ilipoanza kujaza majani, ikafika wakati wa kutia samadi ya pili. Na wiki hiyo hiyo Bibi Keziya alikuwa anaondoka, kwa sababu habari ya awujo haipelekwi kwa simu. Jamaa lazima aambiwe uso kwa uso, la sivyo atakuambia hakualikwa.

"Onike," Bibi alisema akifunga kilemba, "mwonyeshe mwenzako samadi. Wewe ndiye mwenye shamba nisipokuwepo."

Onike aliitikia, "Ndiyo, Bibi."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na marundo mawili ya samadi ya kuku. Moja lilikuwa chini ya mgomba, limefunikwa majani makavu, la zamani, jeusi na baridi. La pili lilikuwa mlangoni mwa banda, jipya, lilitoka kuzolewa juzi. Mtoto yeyote wa Hebroni anajua: unatia mkono ndani ya rundo, ukisikia joto, unaliacha. Samadi ya moto huunguza mizizi kuliko jua. Lakini Dayo alikulia mjini, na mjini kuku wanakuja wamekwisha kunyonyolewa.

"Ni ipi, Onike?" Dayo aliuliza, ameshika karai. "Hii au ile ya mgombani?"

Onike aliangalia huku na huku. Mama yake alikuwa sokoni na baba yake kazini. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wao wawili na kuku.

"Hiyo ya mlangoni," Onike alisema. "Tena weka nyingi, usiionee huruma. Saladi za mama yako hizo."

"Asante, ndugu yangu," Dayo alisema, akainama akaanza kuchota.

Onike aligeuka haraka akaingia ndani. Alijiambia kwamba utaungua mche mmoja au miwili tu, na watu wataona kwamba hata Dayo hukosea. Alijiambia mengi siku ile.

Haukuungua mche mmoja tu. Kesho yake ncha za majani zilikuwa za njano. Keshokutwa zilikuwa za kahawia. Dayo alidhani ni kiu, akaongeza maji, na maji yakaipeleka samadi chini kwenye mizizi. Kabla ya wiki kwisha, tuta zima la Shangazi Omolade lilikuwa limelala kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

Jioni moja alipita Mama Yeabu, mwanamke mkubwa kwa umbo na kwa sauti, anayepanda kutoka mjini kununua saladi kwa jumla. Alisimama mbele ya tuta la Onike, mikono kiunoni.

"Loo! Nani mwenye hili?"

"Mimi, Mama."

"Jumatatu nakuja kulichukua lote, usimpe mtu hata jani moja. Nitaliweka mbele kabisa ya meza yangu. Wenzangu watapasuka!"

Onike alikuwa ameyangoja maneno kama hayo mwaka mzima. Aliyasubiri yamfurahishe, nayo hayakumfurahisha. Kwenye tuta la juu, Dayo alikuwa amepiga magoti anang'oa miche iliyokufa, mmoja mmoja, anaificha kwenye gunia.

"Usimwambie mtu," Dayo alisema Mama Yeabu alipoondoka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Bibi akirudi nitamwambia zimekufa, basi. Onike, mimi najua sababu."

Onike aliuliza, "Sababu gani?"

"Mama hazitaki. Siku ile hospitali aliniomba maji, nami nikakaa nje nacheza na watoto wa wagonjwa. Niliporudi alikuwa amelala, na hakuamka tena. Labda bado amenikasirikia."

Onike alifungua mdomo. Maneno yalikuwa hapo hapo, juu ya ulimi. Kuyasema kulihitaji pumzi moja tu.

"Labda," alisema.

Usidhani hakujua alichokifanya. Alijua. Aliishika njia ya kwenda nyumbani akijichukia kila hatua, na hata hivyo hakurudi nyuma kumwambia mwenzake kweli.

Bibi Keziya alirudi Ijumaa na jamaa wengi, masufuria yamejaa barazani. Dayo alimwambia saladi zimekufa. Bibi alimshika shavu akasema, "Pole, mama, mlima una siku zake," kisha akaitwa jikoni, na hakupata nafasi ya kupanda kuangalia. Maharage yaliwekwa kwenye maji. Watu walicheka na kukumbushana visa vya Omolade, na Onike alimenya ndizi bila kuinua uso.

Asubuhi ya karamu jamaa wote walikusanyika uani wamevaa nguo za kitambaa kimoja, bluu yenye maua meupe. Shimo dogo lilikuwa limechimbwa karibu na ukuta, na kila chakula kilichopikwa kilichotwa kidogo kikawekwa kando kwa ajili ya wazee waliotangulia. Bibi Keziya alisimama peku, ameshika bilauri ya maji.

"Kabla sijamwita mwanangu," alisema, "aliye na neno moyoni juu ya mwenzake na aliseme. Chakula cha wazee hakiliwi na kinyongo."

Shangazi mmoja akamwomba mwenzake radhi kwa sababu ya sufuria aliyoazima akairudisha na tundu. Watu wakacheka. Onike aliangalia vidole vyake vya miguu.

Bibi akamwaga maji chini. "Omolade! Sisi hapa. Mama yako, kaka yako, mwanao. Tumekuletea chakula. Tuambie kama umeridhika." Akapasua kola, kokwa chungu za kutambikia, akatwaa vipande vinne, akavirusha chini. Viwili vikilala chali na viwili kifudifudi, marehemu ameridhika, watu wanakula.

Vyote vinne vililala kifudifudi.

"Rusha tena, Mama," Baba alisema taratibu.

Bibi alirusha tena. Vitatu chali, kimoja kifudifudi. Wazee wakaguna. Alirusha mara ya tatu, na kipande kimoja kikabingirika, kikapita katikati ya miguu ya watu, kikasimama mbele ya Onike.

Hapo Dayo akapiga kelele. "Si nilijua! Mama amenikataa! Alizikataa saladi zangu na sasa anakataa chakula chote kwa ajili yangu!" Akaanguka magotini, analia kilio cha mtoto mdogo, na mama yake Onike akakimbia kumshika.

"Hapana!" Onike alisema. Sauti ilimtoka kubwa mno, kila mtu akageuka. "Hakukataa kitu. Ni mimi. Nilimwambia atie samadi ya mlangoni."

Sufuria ya maharage ilisikika ikitokota jikoni.

"Ulisahau kwamba ni ya moto?" Baba aliuliza. Alikuwa anamsaidia, anamfungulia mlango wa kutokea.

Onike angeweza kutokea hapo. Akatikisa kichwa. "Sikusahau, Baba. Nilijua. Nilikuwa na wivu. Na aliponiambia mama yake amekasirika, nikasema labda."

Baba alivuta hatua mbele, uso umebadilika. Bibi Keziya alinyoosha mkono akamzuia. "Wewe tulia. Neno hili si lako."

Dayo alikuwa ameinuka. Hakupiga kelele tena. "Nilikuuliza wewe," alisema, "kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwuliza."

Afadhali angempiga. Onike akageuka akakimbia jikoni, akachukua kisu na karai, akapanda shambani.

Alipiga magoti mbele ya tuta lake, lile la kwenda mbele ya meza ya Mama Yeabu, akaanza kukata. Alikata kutoka mwisho mmoja, machozi yanamtiririka mpaka haoni vizuri. Alikuwa amefika katikati aliposikia miguu nyuma yake.

"Unaacha majani ya chini," Dayo alisema.

"Nisamehe, Dayo."

"Bado." Dayo alichutama, akachukua karai. "Bado sijakusamehe. Lakini Mama alikuwa anataka na majani ya chini. Kata vizuri."

Walikata pamoja bila kusema kitu, tuta lote. Waliosha majani kijitoni, wakashuka. Dayo akaipanga saladi kwenye sinia kama alivyokuwa akifanya mama yake, viazi chini, mayai juu, na Bibi Keziya akachota ya kwanza akaiweka shimoni. Kisha akarusha kola. Viwili chali, viwili kifudifudi. Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika mpaka Freetown, na watu wakala, maana njaa ilikuwa imewashika vibaya.

Baadaye, wageni walipokuwa wanasinzia barazani, Bibi Keziya aliwakuta wasichana wawili wakisugua masufuria, kila mmoja upande wake.

"Bibi," Onike alisema kwa sauti ndogo, "kola ilijuaje?"

Bibi alichukua ndimu iliyobaki kwenye sahani, akaiweka chini katikati ya uwanja. Ndimu ikabingirika yenyewe, polepole, mpaka ikagonga ukuta.

"Huu ni mlima, mwanangu. Hapa hakuna palipo sawa. Tangu nizaliwe kola zinabingirika kwenye uwanja huu. Awujo ya babu yako nilirusha mpaka mkono ukauma. Kama Omolade alisema kitu leo, hayo ni yake. Ila sikumsikia akitaja jina la mtu. Wewe ndiye uliyejitaja."

Onike aliitazama ndimu pale ukutani. Dayo, kwa mara ya kwanza siku ile, alicheka kidogo, akauficha mdomo.

Bibi aliketi juu ya kigoda, akawavuta wote wawili. "Na wewe, Dayo, nisikilize. Mama yako hakufa na hasira. Nilikuwepo. Maji nilimpa mimi, akasema, mwacheni mtoto acheze." Dayo alimlalia mapajani, naye Bibi akampapasa kichwa mpaka kilio kikaisha.

Kisha akamgeukia Onike. "Mimi pia nina kosa. Nilikuondoa kitandani bila kukuuliza, nikadhani mtoto mwenye mama hana cha kulilia. Lakini kosa langu halifuti lako. Wivu, mwanangu, ni kama samadi. Kila mtu ana rundo lake nyuma ya nyumba, hata mimi, hata mchungaji. Ukiufunika ukaupa muda, ukaungojea upoe, unakufundisha unachokitaka, na utafanya kazi ukipate. Ukiumwaga ungali wa moto, unaunguza shamba la mwenzako, na harufu inabaki mikononi mwako. Siku nyingine ukiusikia una joto, usiuchote. Njoo uniambie."

"Ndiyo, Bibi."

"Na Jumatatu Mama Yeabu utamweleza wewe mwenyewe saladi zake zimekwenda wapi."

Mama Yeabu alipiga kelele, bila shaka. Alipoambiwa sababu, akasema atangojea tuta linalofuata.

Juma lile Baba alipasua mbao akakiongeza upana kitanda cha dirishani, na wakawa wanalala watatu, Bibi katikati, akilalamika kwamba wanamminya. Wasichana waliotesha upya kwenye tuta la juu. Siku ya kutia samadi, Onike alisimama kando akamwachia Dayo. Dayo aliingiza mkono mpaka kiwiko ndani ya rundo la mlangoni, akakunja uso.

"Bado ya moto," alisema, akachukua karai, wakaenda wote mgombani.